Viungo vilivyokufa na viungo vinavyodanganya

Maswali ya safari hii yanatoka kwa vijana wa Lubumbashi wanaochangia programu huria. Wengi wameanzia pale nilipoanzia mimi: kurekebisha viungo vya mtandao (linki) kwenye kurasa za maelezo, kazi ambayo wakubwa wa mradi huiona kama ya kufagia uwanja.

Yaya, README yetu (faili la maelezo ya mradi) ina viungo kama 40. Nifungue kimoja kimoja? Mega zangu zitaisha. (Katuba)

Hapana, mdogo wangu. Iko programu huria inayoitwa lychee. Andika `lychee README.md`, nayo itabisha hodi kwenye kila anwani na kukuambia ipi imeitika na ipi imerudisha 404, yaani ukurasa haupo. Kwa kuwa mega unazilipia, anza na `lychee --offline README.md`. Hapo inakagua tu viungo vinavyoelekea kwenye mafaili ya mradi wenyewe, mtandao haiugusi. Makosa ya aibu mengi yamo humo: mtu kahamisha faili, kasahau kiungo.

Viungo vya nje iachie GitHub Actions, huduma ya GitHub (tovuti inayohifadhi miradi) inayoendesha kazi kama hizi kwenye kompyuta zao. Kwa miradi iliyo wazi kwa umma ni bure, na intaneti inayotumika ni yao, si yako. Ipangie siku moja kwa wiki. Ila mradi ukikaa siku 60 bila shughuli yoyote, GitHub huzima kazi za ratiba. Mlinzi ameenda kulala, na ninyi mnadhani yuko mlangoni.

Mkaguzi anasema 403, lakini kwenye simu yangu ukurasa unafunguka vizuri. Nani mkweli? (Kamalondo)

Wote wawili. 403 ni seva kukataa kukuingiza, na tovuti nyingi hukataa roboti huku zikipokea watu. 429 ni kwamba umebisha mara nyingi mno kwa muda mfupi. Kwa hayo usifute kiungo. Kifungue mwenyewe, ukiona kizima kiandike kwenye faili la `.lycheeignore` ili kirukwe. Ukikuta 503, ngoja kesho ujaribu tena.

Mkaguzi wetu hajakuta kosa hata moja. Kazi imekwisha? (Kampemba)

Haijakwisha, na hapa nitakaa kidogo. Roboti anajua mlango umefunguka, hajui ndani anaishi nani. Niliwahi kukaa kando ya kijana aliyefuata kiungo cha mafunzo hadi docs.python.org/2.7, maelezo ya toleo la zamani la Python, lugha ya kuandikia programu. Ukurasa ulifunguka bila shida. Akaandika `print "Jambo"`, akabonyeza Enter, kompyuta ikamjibu SyntaxError, yaani umekosea kuandika. Akaandika tena, polepole, herufi kwa herufi, akidhani vidole vyake ndivyo vimekosea. Kosa halikuwa lake. Katika Python 3, print inataka mabano, na Python 2 iliachwa kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Kiungo kilichokufa kingemwambia wazi kwamba kimekufa, naye angetafuta kwingine. Hiki kilimla mchana mzima, tena kikamfanya ajishuku.

Kwa hiyo, msomaji anayejifunza mwelekeze kwenye docs.python.org/3/, anwani inayofuata toleo la sasa. Namba kamili ya toleo iweke pale tu mnapoeleza jambo la toleo hilo. Kwenye Read the Docs, tovuti inayohifadhi maelezo ya programu, `stable` ni toleo lililokwisha kutolewa, `latest` ni kazi inayoendelea. Mgeni usimpakulie bukari (ugali) mbichi.

Nilielekeza kwenye mstari wa 52 wa faili fulani GitHub. Sasa pale pana kitu kingine kabisa.

Faili huendelea kuandikwa, mistari husogea. Ukiwa umelifungua kwenye kompyuta, bonyeza herufi y. Anwani itageuka kuwa ya faili lilivyo wakati huo, na haisogei tena.

Je, viungo vilivyofupishwa nivitumie?

Hapana. Google iliacha kupokea viungo vipya vya goo.gl mwaka 2019. Andika anwani ndefu.

Tumebadilisha majina ya kurasa. Wenye anwani za zamani wafanyeje?

Aliyeandika Élisabethville juu ya bahasha baada ya 1966 alimtegemea karani wa posta aliyejua kwamba sasa ni Lubumbashi. Nanyi wekeni karani, yaani seva imwelekeze msomaji kwenye anwani mpya: jibu la 301 kwa kurasa zilizohama kabisa, 302 kwa zilizohama kwa muda. GitHub yenyewe hufanya hivyo mkibadilisha jina la mradi, mpaka mtu afungue mradi mpya kwa jina la zamani kwenye akaunti ileile. Hapo anwani ya zamani itampeleka msomaji kwenye mradi mpya.

Tovuti tuliyoielekeza imekufa, na mwenyewe haonekani. Nikifute kiungo?

Tafuta kwanza kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Usikimbilie nakala ya mwisho, maana mara nyingi ni tangazo la mtu anayeuza jina la tovuti. Chukua ya karibu na siku kiungo kilipowekwa. Amri ya `git blame`, inayoonyesha kila mstari uliandikwa lini, itakupa tarehe.