Mvalishe kwa Kazi Anayoifanya: Kwa Wanaoanza Kuchonga Wahusika wa Pembeni

Wadogo zangu, nimezipitia tena kazi zenu za mji wa bandarini wa gemu yetu ya fantasia, na kwa mara nyingine nimemkuta mhunzi aliyevaa joho la mahameli linaloburuzika sakafuni, hatua mbili tu kutoka kwenye tanuri. Amechongwa kwa ustadi, mikunjo ya kitambaa inapendeza na tekstcha, yaani picha inayovikwa juu ya umbo, haina doa, lakini mtu huyo angeungua kabla ya adhuhuri. Nimechoka kurudisha faili kimyakimya, kwa hiyo safari hii nitasema.

1. Kabla hamjafungua programu ya kuchonga, ombeni orodha ya animesheni, yaani mienendo atakayoifanya mhusika. Mhusika wa pembeni hana kisa. Ana mzunguko wa sekunde chache anaourudia tangu mchezaji anapoingia mjini hadi anapoondoka: anafagia, anapiga nyundo, anaketi, anabeba ndoo. Mzunguko huo ndio maisha yake yote, na nguo yake ikatwe kwa ajili hiyo. Mhunzi anahitaji aproni ya ngozi na mikono ya shati iliyokunjwa, na chini yake mpeni sufu, kwa sababu sufu haishiki moto upesi kama kitani inaporukiwa na cheche. Mwanamke anayechota maji, pindo lake liishie juu ya vifundo vya miguu au lichomekwe kiunoni. Kuliona hilo hakuhitaji makumbusho ya Ulaya. Mtazameni mama lishe yeyote saa sita mchana, alivyojifunga kanga kiunoni na kilemba kichwani, na mnitafutie ncha moja ya kitambaa inayoning'inia karibu na jiko lake.

2. Msiuamini mchoro wa awali. Humwonyesha mhusika akiwa amesimama wima, mikono imetulia ubavuni, na upepo ukilipepea vazi lake kwa adabu. Hapo ndipo nilipoharibu mimi. Katika mradi mmoja wa miaka yangu ya mwanzo, kwenye studio ambayo sitaitaja, nilikabidhiwa muuza samaki wa kike katika mji wa kaskazini ambako theluji haiyeyuki. Nilimpa gauni lenye mabega wazi na mikono mipana iliyofika magotini, kwa kuwa mchoro wake ulisifiwa na kila aliyepita mezani pangu, nami nilizipenda sifa hizo kuliko nilivyomjali muuza samaki. Mnajua kwamba mhusika wa pembeni kwa kawaida hapewi uigaji wa kitambaa, yaani hesabu zinazokifanya kitambaa kilegee na kukunjika chenyewe. Mzigo huo wa kichakataji huwekewa wahusika wakuu. Kwa hiyo mikono ile ya gauni ilifuata mifupa ya kidijitali inayouendesha mwili, ya kiganja na kiwiko, bila kulegea hata kidogo. Alipoinama kuchukua samaki, kitambaa kilipenya pipa, kikapenya meza, kikatokeza kwenye tumbo la mteja. Fundi wa animesheni aliniuliza kwa upole kama ningeweza kuifupisha. Nilimjibu, mbele ya watu, kwamba kasoro ilikuwa katika uzito wa mifupa alioupaka yeye, yaani kiasi ambacho kila mfupa unaivuta nguo. Akakaa hadi usiku akirekebisha kisichokuwa kosa lake.

Kibaya zaidi, sikuwa nimeuliza vazi lile lingetumika wapi kwingine. Wahusika wa pembeni huvishwa kutoka kabati moja: gauni likishaingia kwenye orodha ya wanawake wa mjini, injini, yaani programu inayoendesha gemu, huligawa kwa kubahatisha, ikibadilisha rangi tu. Gauni langu likamwangukia mwenye nyumba ya wageni, likamwangukia ombaomba na mkunga, na hatimaye wanawake wote waliozunguka kaburi katika tukio la mazishi lililokusudiwa kuwaliza wachezaji. Theluji ikawa inatua kwenye mabega matupu, na mikono ile mipana ikapenyana kutoka kwa mwombolezaji mmoja hadi mwingine mpaka wakaonekana kama wameshonwa pamoja. Wajaribu gemu walicheka. Mwandishi wa tukio hakucheka. Mikono ya gauni ilikatwa, mabega yakafunikwa kwa shali ya dharura, na aliyepaka upya uzito wa mifupa wa kila mkaaji wa mji alikuwa fundi yuleyule niliyemtwisha lawama. Nilichelewa mno kumwomba radhi, na hilo linaniuma kuliko gauni lenyewe.

3. Ulizeni hali ya hewa ya ramani, na msijitetee kwa Skyrim. Ni kweli kwamba gemu hiyo ya 2011 ina wahudumu wa vilabu wenye nguo za shingo pana ndani ya nchi ya theluji, na wapiganaji wa Forsworn wanaozurura milimani nusu uchi, nayo ilipendwa dunia nzima. Lakini mwaka 2017 iliongezewa hali ya kunusurika, ambamo baridi humdhoofisha mchezaji na kila vazi hupimwa kwa joto lake. Mchezaji anayetetemeka ndani ya manyoya hawezi tena kumpita mwenyeji wa mikono mifupi bila kujiuliza. Wala msiniambie kwamba fantasia haina kanuni. Joka nimelikubali kwa sababu mmeniambia lipo. Hamjaniambia kwamba watu wa mji huu hawasikii baridi. Kama wana uchawi wa kuwapasha joto, uonyesheni.

4. Kitambaa ni fedha. Mwaka 1363 Uingereza ilitunga sheria ya kupanga mavazi kwa tabaka, na watu wa plau na mikokoteni wakaachiwa sufu ya bei ya chini. Ilifutwa muda mfupi baadaye, ila inaeleza kwa nini nyuzi za dhahabu kwenye pindo la ombaomba wenu zimenikera. Mkitaka kuona tofauti hizo zikivaliwa, tembeeni vijiji vya gemu ya Kingdom Come: Deliverance, ya 2018, inayosimulia Bohemia ya 1403. Si fantasia, lakini ndani yake askari huvaa koti lililojazwa pamba au kitani chini ya deraya ya pete, na mkulima huonekana kwamba ana nguo moja tu ya kazi.

5. Najua mchezaji anapaswa kumtambua mwenye duka akiwa mbali. Mpeni kofia, kikapu au rundo la funguo kiunoni, si mabega ya chuma.

6. Ukimvisha kofia, zifiche nywele zisije zikaipenya. Nimekwisha kulisema hili.

7. Uchafu una mahali pake: kwenye pindo, magotini, viwikoni, na pale mkono unapofutiwa kwenye aproni. Nikikuta tena matope mabegani mwa mwanamke anayeuza vitunguu, nitataka mnionyeshe kwenye ramani mvua hiyo ya matope ilinyesha wapi.