Kidonda cha sukari kikifika mfupani, ni lazima mguu ukatwe?

Swali: Habari daktari. Baba yangu ana miaka 61, ana ugonjwa wa sukari, na ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kisumu. Zaidi ya miezi miwili sasa ana kidonda chini ya kidole gumba cha mguu. Hununua amoksilini kemisti. Kidonda hukauka juu, halafu kinaanza tena kutoa maji. Eksirei tuliyopiga mwanzoni ilionyesha mfupa mzima. Sasa kidole chote kimevimba. Amekataa katakata kurudi hospitali, anasema hatarudi nyumbani na magongo. Mfupa unaweza kupona kwa dawa bila kukata? Na huyu mzee tumfanyeje? – Binti, Nyalenda

Jibu: Binti yangu, nianze na hiyo eksirei, maana naona ndiyo iliyowatuliza. Katika wiki mbili tatu za kwanza mfupa unaweza kuwa umeshaingiwa na maambukizi na picha isionyeshe kitu. Kwa hiyo irudiwe. Kidole kilichovimba chote kama soseji, juu ya kidonda kisichofunga, kinanifanya nishuku mfupa hata kabla ya picha.

Kliniki watafanya jambo dogo: wataingiza kijiti cha chuma butu, kilichotakaswa, ndani ya kidonda. Kikigonga kitu kigumu, shaka inazidi. (Msijaribu nyumbani.) Kuna pia kipimo cha damu cha ESR, kinachoonyesha kama mwili una uvimbe au maambukizi; kikipita 70, nacho kinaelekeza mfupani. MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, huonyesha vizuri zaidi, ila si kila mgonjwa anaihitaji.

Dawa peke yake zinaweza kuponya? Ndiyo, kwa baadhi ya wagonjwa. Miongozo ya kimataifa ya 2023 inaruhusu kujaribu dawa bila upasuaji pale ambapo maambukizi yako sehemu ya mbele ya mguu, damu inafika vizuri, mfupa haujatokeza nje na hakuna usaha wa kutolewa haraka. Muda wake ni kama wiki 6. Wala si lazima alazwe muda huo wote akiwa na dripu: utafiti wa Uingereza uliotolewa 2019, wenye wagonjwa zaidi ya 1,000 wa mifupa na viungo, ulionyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikuwa duni kuliko dawa za mishipani.

Neno ni hilo, vilivyochaguliwa. Bakteria anayeongoza kwenye mifupa hii, stafilokokasi, mara nyingi huivunja amoksilini kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana tunapenda kupima kipande cha nyama ya ndani au cha mfupa wenyewe. Usaha wa juu hudanganya. Halafu dawa husafiri kwa damu, kwa hiyo lazima mishipa ya mguu ipimwe. Sukari ishuke, pengine kwa insulini kwa muda. Na kidonda kisikanyagwe: atahitaji plasta ngumu maalumu ya mguu au kiatu cha kupunguza uzito unaokilemea kidonda. Akiendelea kusimama kazini kutwa nzima na ndala, dawa yoyote itashindwa.

Sasa mzee mwenyewe. Usimwite mkaidi haraka. Neva za mguu zimekufa ganzi, kidonda hakimuumi, na mtu asiyeumwa huona anasumbuliwa bure. Tena ameona watu wakiingia wodini na kidonda wakatoka bila mguu. Kwake yeye, hospitali ndiyo inayokata. Hajaona kwamba wengi wao walifika wamechelewa, kwa woga huohuo alio nao. Mkimtishia “utakatwa!” mnampa sababu nyingine ya kubaki nyumbani.

Muulize anachoogopa hasa, kisha unyamaze asikike. Huenda si mguu. Huenda ni nani atalipa karo akiacha kuchomelea. Mwombe jambo moja tu: twende wapime kama mfupa umefikiwa. Mwambie hakatwi bila ridhaa yake, na hiyo ni kweli. Usimwahidi kwamba hatakatwa chochote, kwani wakati mwingine kuondoa kidole ndiko kunakookoa mguu, na akijua ulimficha hatakuamini tena. Mtu wa rika lake aliyepona kidonda atamshawishi kuliko mimi. Na kama hapati usingizi, hali chakula vizuri, amejitenga, mwambieni daktari: msongo na sonona (huzuni nzito isiyoisha) huwapata sana wenye sukari, na hutibiwa.

Mpelekeni wiki hii hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile wengi wetu bado tunaiita Russia. Msingoje hata saa moja akipata homa ya kutetemeka, kutapika, kuchanganyikiwa, harufu mbaya, ngozi kuwa nyeusi, au joto na uvimbe kupanda mguuni. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa mkono ulinganishe na mguu wa pili. Bebeni pakiti zote za dawa alizomeza, hata zilizo tupu, ili daktari ajue alichokwisha kujaribu.