CAPE sifuri asubuhi, mvua ya mawe jioni

SWALI: Habari mtaalamu. Ninasimamia shamba la chai Kericho. Kila asubuhi nafungua tefigramu (mchoro wa joto na unyevu wa hewa kadiri unavyopanda) ya puto la hali ya hewa la Dagoretti, Nairobi. Wiki iliyopita CAPE, yaani nishati ya kuinua hewa ipande yenyewe, ilikuwa sifuri, nikawaruhusu wachumaji waende hadi vipande vya mbali. Saa kumi jioni mvua ya mawe ikashuka, majani yakachanika vibaya. Mchoro ulikosea, au mimi ndiye sijui kuusoma?

JIBU: Pole sana kwa hasara hiyo. Mchoro haukukosea, ila ulikuwa unaeleza hali ya saa tisa usiku. Ndiyo saa ya kipimo kile: ardhi imepoa, na hewa ya chini imelala baridi chini ya hewa yenye joto zaidi. Hata ukiinyanyua, inazama tena. Sifuri ile ilikuwa ya kweli, lakini ya usiku.

Kazi yako ni kuusogeza mchoro hadi jioni. Saa sita mchana soma vipimo vyako mwenyewe shambani. Tuseme joto ni nyuzi 23 na kiwango cha umande (joto ambalo mvuke huanza kugeuka matone) ni 13. Weka nukta hizo mbili karibu na kanieneo ya hewa ya hektopaskali 800, si 1,000, kwa kuwa uko mita 2,000 hivi juu ya bahari. Wengi hukosea hapo. Kutoka 23 panda kwa kufuata mstari wa hewa kavu, kutoka 13 fuata mstari wa mvuke. Inapokutana ndipo kitako cha wingu. Njia ya mkato: tofauti ya nyuzi zidisha kwa mita 125, hapa unapata mita 1,250 juu ya shamba. Kuanzia hapo fuata mstari wa hewa iliyoshiba unyevu. Ukijikuta kulia kwa mstari wa joto uliopimwa na puto, hewa yako ina joto kuliko iliyoizunguka, nayo itapanda yenyewe. Eneo lililofungwa kati ya mistari hiyo miwili ndiyo CAPE. Ikifika jouli 800 kwa kilo, kwa hesabu hewa ingepanda mita 40 kwa sekunde. Kwa kawaida hupatikana kama nusu, na hiyo inatosha kubeba mawe.

Kisha tazama ilipo nyuzi sifuri. Huku kwetu ikweta hukaa karibu mita 4,800 juu ya bahari. Jiwe linaloelekea Mombasa lina karibu kilomita tano za kuyeyukia njiani. Kwenu hazifiki tatu. Ndiyo maana nakusihi usitumie majedwali ya Oklahoma, Marekani: kule wanasubiri CAPE kubwa na upepo unaobadilika sana kadiri unavyopanda, nanyi mnapigwa kwa kidogo tu.

Kuna jambo moja ambalo Dagoretti haiwezi kukuonyesha. Iko mashariki ya Bonde la Ufa, karibu kilomita 200 kutoka kwako, ilhali unyevu wenu mwingi wa alasiri huja na upepo wa Ziwa Victoria, unaopanda mteremko na kukutana na upepo wa mashariki. Huo utauona kwenye kipimo chako cha umande. Kikipanda nyuzi mbili kati ya saa nne na saa saba, na mawingu upande wa Kisumu yanavimba kwenda juu, rudisha wachumaji mapema. Radi inaweza kufika kabla ya mawe.