Ukialikwa Kikao cha Wadau wa Bandari, Nenda na Daftari

Mara ya kwanza nilipoalikwa kwenye kikao cha wadau wa bandari, Dar es Salaam, nilikwenda kulalamika. Nilikuwa na miaka sita kwenye kazi ya kliaringi, yaani kuwatolea wateja mizigo yao bandarini, kontena zangu mbili zilikuwa zimekwama wiki hiyo, na asubuhi yake mteja wangu mmoja wa Kariakoo, mzee wa maneno ya taratibu yanayochoma, alinipigia simu akaniuliza, "Mwanangu, huu mzigo wangu umehamia hukohuko bandarini?" Basi nikashika kipaza sauti nikamwaga yote: mizigo inachelewa, tozo ni kubwa, mtandao unakatika, taasisi ni nyingi mno. Ukumbi ukapiga makofi. Mwenyekiti akasema, "Tumepokea." Tukala pilau, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukaondoka.

Kabla sijaondoka, afisa mmoja mtu mzima alikuja na sahani yake akakaa karibu yangu. "Dada, umesema mizigo inachelewa. Siku ngapi, na inachelewea wapi?" Nikamwambia siku nyingi. Akatafuna kidogo, akasema, "Nyingi siwezi kuiandika kwenye ripoti."

Siku ya pili nilinunua kaunta buku. Kila kontena nikaipa mstari wake: mteja ameleta hati lini, tansadi (fomu ya tamko la forodha) imeingizwa lini, kodi imelipwa lini, kila kibali kimeombwa na kutoka lini, meli imefunga gati lini, ukaguzi umefanyika lini, mzigo umetoka getini lini, kontena tupu limerudishwa lini. Si kazi ya kompyuta wala utaalamu. Ni kalamu na uvumilivu tu, na kuandika siku hiyohiyo, maana ukisema utajaza Ijumaa utajaza uongo.

Baada ya miezi mitatu nilikaa kuhesabu nikaona aibu. Shimo kubwa la siku lilikuwa kwetu wenyewe. Wateja walikuwa wanashikilia hati mpaka wasikie meli imefika, na mimi nilikuwa nawaachia, wakati tansadi inaruhusiwa kuingizwa kabla meli haijatia nanga. Yule mzee wa Kariakoo mzigo wake ulikuwa umelala kwenye droo yake mwenyewe kabla haujalala bandarini. (Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Mzee, safari ijayo tuletee karatasi mapema," akaelewa.)

Shimo la pili ndilo lililokuwa la kupeleka kikaoni. Mizigo iliyohitaji kuonwa na taasisi mbili ilikuwa inafunguliwa mara mbili, kwa siku tofauti, na kila mara tunalipia vibarua na mashine ya kushusha. Kikao kilichofuata sikusema "taasisi ni nyingi". Nilisoma mistari saba ya daftari, tarehe kwa tarehe, kisha nikaomba jambo moja: wakaguzi wapangiwe siku moja kwa mzigo mmoja. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini mwandishi wa kikao aliniomba nakala, na kwa mara ya kwanza nikaona sentensi yangu kwenye muhtasari kama nilivyoisema.

Jambo jingine ambalo ningependa mtu angenifundisha mapema ni mlango, yaani shida ipi unampelekea nani. Sisi tunasema "bandari" kana kwamba ni mtu mmoja. Chukua storeji na demareji, ambazo hata mawakala wenye leseni huzichanganya. Storeji inatozwa na bandari, au bandari kavu (yadi ya makontena iliyo nje ya bandari), kwa sababu mzigo wako umekaa uwanjani kwao. Demareji ni ya kampuni ya meli, kwa sababu umekaa na kontena lao kupita siku za bure, nayo huendelea kuhesabu hata mzigo ukishakuwa dukani kwako, mpaka kontena tupu lirudi. Ukienda kumlilia mwenye bandari kuhusu demareji, atakusikiliza kwa heshima na hatakusaidia.

Na siku hizi hata huyo mwenye bandari si mmoja. Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, TPA, ndiye mwenye nyumba, lakini kwa mikataba iliyosainiwa Dodoma Oktoba 22, 2023, gati namba 4 hadi 7 zilikwenda kwa DP World, kampuni ya Dubai, kwa miaka 30, na mwaka uliofuata upande wa makontena wa gati 8 hadi 11 ukachukuliwa na Adani, kampuni ya India, nao kwa miaka 30. Udhibiti wa sekta, pamoja na bei za huduma za bandari, uko kwa TASAC, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Kwa hiyo kabla hujaandika barua, jiulize meli yako ilifunga gati namba ngapi. Mwaka 2023, kabla na baada ya Bunge kuridhia makubaliano ya bandari na Dubai Juni 10, kila kijiwe kilikuwa na wakili wa mikataba. Niliuliza wangapi wameyasoma, wakanikasirikia.

Ushuru wa forodha nao una mlango wake, na huo hauko Dar es Salaam. TRA, mamlaka ya mapato, anakusanya. Viwango vya pamoja, 0, 10, 25 na 35 kwa asilimia (hicho cha 35 kilianza Julai 2022), vinaamuliwa na nchi wanachama kwa pamoja kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha. Nimeona mfanyabiashara akimgombeza kijana wa forodha dirishani kuhusu kiwango cha bidhaa yake, kijana wa watu kashika mhuri tu.

Halafu kuna majira. Bajeti husomwa Juni, na ndipo wengi wetu huamka. Wakati huo kikombe kimeshaoshwa. Wizara ya Fedha hualika mapendekezo ya kodi miezi mingi nyuma, mwaka wa fedha ukiwa bado katikati, na tangazo lenyewe ni ukurasa mmoja ambao hakuna anayeutuma kwenye kundi la WhatsApp. Juni, muswada ukiwa bungeni, unaweza kuomba neno lirekebishwe. Kuomba wazo jipya ni kuchelewa. Wenzetu wa Mombasa wana kamba ya kushika: Katiba yao ya 2010 inataja ushiriki wa wananchi miongoni mwa tunu za taifa, na wana sheria ya mwaka 2013 inayoitaka serikali isikilize wanaoguswa kabla ya kutunga kanuni. Huku kwetu inategemea zaidi nani amesoma tangazo, kwa hiyo lisome.

Sasa mifumo. Hapa ndipo vikao vingi vinapoelekea, na ndipo sisi watu wa kazi tunapokaa kimya kwa kuogopa maneno ya kompyuta. Tangu Januari 1, 2024, nchi wanachama wa mkataba wa kurahisisha usafiri wa baharini, ulio chini ya Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, zinatakiwa ziwe na dirisha moja la kielektroniki la kupokea taarifa za meli: mabaharia, shehena, kuingia na kutoka. Hilo ni dirisha la meli. Dirisha la vibali vya mzigo ni jingine, na mtu akikuambia yote ni yaleyale, muulize kibali chako cha chakula kinaombwa wapi.

Mfumo mpya ukiletwa, usiulize kama ni mzuri. Watasema ni mzuri, na mara nyingi ni kweli. Uliza mtandao ukikatika Jumamosi saa nne asubuhi, utaratibu wa kutoa mzigo ni upi na nani anasaini. Uliza tutatumia wa zamani na mpya kwa pamoja kwa muda gani. Na hili ndilo linalonyamazisha ukumbi: siku ambazo mfumo umelala, storeji analipa nani? Mimi nimewahi kumlipia mteja siku tatu za namna hiyo kutoka mfukoni ili nisimpoteze. Sikuwa na ushahidi kwamba mfumo ulikuwa chini, kwa sababu sikupiga picha ya skrini. Siku hizi napiga, na saa yake ionekane.

Ukiandika pendekezo, ukurasa mmoja unatosha. Taja kanuni na namba yake kwenye Gazeti la Serikali, andika kifungu kilivyo, chini yake kilivyopaswa kuwa, kisha ambatisha kurasa mbili za daftari. Futa majina ya wateja. Na upitishe kwa chama chenu cha mawakala kwanza, hata kama katibu wake mmegombana, kwa sababu barua ya ofisi moja ya Kurasini huitwa malalamiko, ya chama huitwa maoni.

Daftari langu sasa ni la nne. La kwanza lilichukuliwa na yule afisa wa pilau, akasema anataka kulisoma kwa nafasi. Hajalirudisha mpaka leo, nami sijalidai.