Jogoo wako mzuri, ila ni mume, baba na babu humo humo bandani

Nilipoanza kufuga kuku wa kienyeji hapa Manyoni nilikuwa na jogoo mmoja mwekundu, mkia mweusi unaong'aa kama umepakwa mafuta ya nazi, tukamwita Mkuu wa Mkoa maana alikuwa hatembei, anakagua. Kila mgeni aliyefika nyumbani alitaka kumnunua na mi nikawa nakataa, nikakaa naye miaka minne. Hilo ndo kosa langu. Chakula nilitoa, ugonjwa wa kideri nilichanja, banda lilikuwa safi, ila jogoo sikubadilisha.

Dalili zilianza taratibu. Tetea akiatamia mayai 12 alikuwa anatoka na vifaranga 10 au 11, mwaka wa tatu wakawa wanatoka 7, baadae 5, mengine yote viza. Nikalaumu joto, nikalaumu watoto wanaochezea viota, mama akasema labda kuna mtu ana jicho. Halafu vikaanza kutoka vifaranga vyenye vidole vilivyopinda, kimoja mdomo wa juu umeenda kulia na wa chini kushoto kama mkasi, hakiwezi hata kudonoa punje ya mtama. Na wale waliotoka salama wakawa wanadumaa, baridi kidogo tu wanakoroma.

Afisa mifugo alivyokuja hakushika hata kuku mmoja, aliniuliza tu: "Huyu jogoo una naye tangu lini, na hawa matetea uliwatoa wapi?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole nikanyamaza mwenyewe. Matetea wote 20 walikuwa mabinti zake na wajukuu zake.

Ipo hivi. Kila kuku ana nakala mbili za vinasaba vyake karibu vyote, moja ya baba moja ya mama, na karibu kila mmoja kabeba vinasaba vibovu kadhaa ambavyo havionekani kwa sababu nakala ya pili ni nzima inaziba pengo. Ukimpandisha baba kwa bintiye, au kaka kwa dada yake, kwa kila kinasaba kifaranga ana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata nakala mbili zinazofanana kabisa, zilizotoka kwa mzee mmoja. Waliochangia mzazi mmoja tu ni 12.5. Sasa kama ile nakala ni mbovu, hakuna tena wa kuziba, ndo unaona vidole vinapinda na mayai yanakufa ndani. Na hii inaongezeka kila kizazi, haikusubiri wewe ujipange.

Kitu kilichoniuma zaidi ni hesabu aliyoniandikia nyuma ya kadi ya chanjo. Chukua idadi ya majogoo zidisha kwa idadi ya matetea, zidisha kwa 4, gawa kwa jumla ya wote. Jogoo 1 na matetea 20 unapata 3.8. Yaani banda langu la kuku 21, kwa upande wa damu, lilikuwa sawa na banda la kuku wanne! Nikamwambia basi ntaongeza matetea wengine 20, akacheka akasema piga hesabu, nikapiga, 3.9. Ukiongeza jogoo mmoja tu kwa wale wale matetea 20 unafika 7.3. Kwa hiyo wewe unayejisifia una matetea 60 na jogoo mmoja handsome, pole, hujafika hata wanne.

Nikaenda kwa jirani kubadilishana jogoo. Mzee akakubali haraka, nikambeba huyo jogoo kwapani, nafika getini mama ananiangalia ananiambia mwanangu, kuku wa huyu mzee si walitokana na mayai niliyompelekea mimi alivyotoka hospitali? Kumbe nimebeba mdogo wake Mkuu wa Mkoa. Nikarudi na aibu yangu. Kwa hiyo ushauri wa kwanza kabisa, kabla ya kuuliza bei uliza mayai yalitoka wapi, maana vijijini kwetu kuku wanatembea kama zawadi, arusi, msiba, mgonjwa, unakuta mtaa mzima ni ukoo mmoja.

Basi nikaruka upande wa pili, nikanunua jogoo mnadani kutoka mbali, mgeni kweli kweli, nikamwingiza bandani jioni hiyo hiyo. Siku ya sita kuku wanapinda shingo, kinyesi cha kijani, kideri. Nilikuwa nimepitisha muda wa chanjo kwa uvivu tu, nilipoteza 14. Damu mpya inakuja na magonjwa mapya, mgeni mtenge peke yake wiki mbili mpaka tatu, mpe tone lake la chanjo jichoni, na hao wa nyumbani wawe washachanjwa mapema, chanjo sio dawa kwamba inafanya kazi leo leo.

Halafu kuna hili la chotara, kuku wa kuchanganywa mbegu, hapa najua wengi hatutaelewana. Nilichukua majogoo chotara nikapandisha kwa kienyeji changu, uzao wa kwanza jamani ulikuwa moto, miezi mitano jogoo ana kilo tatu na kitu, nikaona nimetoka kimaisha. Nikaacha hao wapandane wenyewe. Uzao wa pili kila mmoja na lake, huyu mkubwa huyu kama njiwa, na kibaya zaidi matetea wengi hawataki kuatamia, wanataga wanaondoka zao, maana chotara wengi walichaguliwa kwa nyama na mayai, kulalia hakukuwa na faida kwa aliyewatengeneza. Ni yale yale ya mahindi ya hibridi, ukipanda uliyovuna msimu wa pili shamba linapungua nguvu na mimea haifanani. Nilibakiwa na matetea watatu tu wanaojua kuatamia kwa hiyo nikawafanya malkia. Chotara kwa ajili ya kuuza sawa, ila kundi lako la mama usilimwagie lote, tenga wa kienyeji pembeni.

Na usichinje kila kuku asiyependeza. Nilikuwa nakula kishingo wote kwa sababu wateja wanasema wanaonekana wagonjwa, kumbe ile shingo tupu inatoa joto, kiangazi cha huku wenzao wanahema midomo wazi kishingo anachakura. Weupe watupu nao mwewe anawaona toka angani. Mchanganyiko bandani una kazi yake, hujui mwaka kesho utaletewa jua au ugonjwa gani.

Hii sio ya kuku tu. Simba wa kreta ya Ngorongoro mwaka 1962 walivamiwa na inzi wanaouma wakabaki kama kumi hivi, madume saba wakaingia kutoka nje miaka michache baadae, halafu baada ya hapo wageni wakawa hawapenyi, madume wenyeji wanawafukuza. Watafiti walivyopima wakakuta ukoo wote umetokana na simba 15, na mbegu za madume zina kasoro nyingi kuliko za simba wa Serengeti, ambao wako jirani tu na ni wengi. Serengeti pale pale! Kinachowatenga ni ukuta wa kreta na wenyewe kwa wenyewe.

Siku hizi nina majogoo watatu, kila mmoja na kamba ya rangi yake mguuni na jina kwenye daftari, vijogoo vinavyozaliwa hapa vikifika miezi minne vinaenda sokoni au kwenye sufuria kabla havijaanza kupanda dada zao, na kila mwaka jogoo mmoja anaondoka anaingia mgeni. Mkuu wa Mkoa nilimpeleka Itigi kwa shangazi, huko hana binti. Juzi nimempigia shangazi anipe jogoo mmoja, nikamuuliza mama yake nani, mayai yalitoka kwa nani, yule wa kwa mjomba ana undugu nao au hana, akaniambia we mtoto, unataka jogoo au unaleta posa?