Mkubwa wa nini? Kabla hujamtambulisha bosi wako kwa Kiingereza

Mwaka wangu wa kwanza kuongoza watalii Hifadhi ya Ruaha, nilikwenda uwanja wa ndege wa Msembe kupokea wageni kutoka Uingereza. Nikawatambulisha kwa kiongozi wetu, mzee wa Kihehe mfupi, mwembamba kama fimbo, aliyeanza kazi hiyo mimi nikiwa bado shule ya msingi. Nikasema kwa kujiamini: "He is bigger than me." Wageni wakamtazama mzee, wakanitazama mimi na kitambi changu, wakaangua kicheko. Nikajirekebisha mbio: "He is senior than me." Mama mmoja, mwalimu mstaafu, akaninong'oneza: "Senior to."

Kichwani nilikuwa na "mkubwa wangu". Kwetu neno hilo linabeba umri, cheo na mwili vyote pamoja. Ukisikia "ngoja nimuulize mkubwa", hakuna anayewaza kilo. Kiingereza kimeigawa hiyo mizigo: mwili ni "bigger", umri ni "older", cheo ni "senior". Siku hizi nina steshenari hapa Miyomboni, Iringa mjini, na kijana akija kuchapa barua ya kazi namuuliza kwanza: mkubwa wa nini?

Ile "to" nayo ilinisumbua sana. Shuleni si tuliambiwa kulinganisha ni "than"? Kumbe "senior", "junior", "superior" na "inferior" yametoka Kilatini, na hiyo "-ior" ya mwishoni tayari imebeba "zaidi" ndani yake. Yafikirie kama kitenzi chetu "kuzidi". Unasema "chai hii inaizidi ile". Ukisema "inaizidi kuliko ile", mtu atakuuliza umesomea wapi. Ndiyo maana "more superior" nayo haisimami, hata kama umeiona kwenye bango.

Ila kosa linaloniuma si la sarufi. Kijana mmoja wa Mufindi, aliyewahi kusimamia wachuma chai, aliniletea barua yenye sentensi hii: "I supervised twelve inferiors." Alitaka kusema watu waliokuwa chini yake. Jamani! Kwa Kiingereza amewaita watu hafifu. Chai inaweza kuwa "inferior"; aliyeichuma, hapana. Tukaandika "I led a team of twelve", na cheo chake kikaonekana bila kumkanyaga mtu. Hivyo hivyo kwa bosi: "my superior" inapita, lakini "he is superior to me" ni kama kukiri kwamba ni mtu bora kukushinda wewe. "Senior to me" inatosha.

Halafu kuna "second to none" na "second only to", pacha wanaowachanganya waongoza watalii wengi. Ya kwanza ni kwamba hakuna wa kukupita. Ya pili, yupo mmoja tu. Zamani tuliwaambia wageni kwamba Ruaha ndiyo hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote nchini, na ilikuwa kweli. Mwaka 2019 ikamegwa Hifadhi ya Nyerere kutoka Selous, kilomita za mraba 30,893. Tangu hapo, kwa ukubwa, Ruaha ikawa "second only to Nyerere". Kwa simba na mibuyu, mimi bado nasema "second to none", na sitaki ubishi.

Yule kijana wa Mufindi alirudi juzi kuchapa barua nyingine. "Shikamoo mkubwa," akasema. Nikamuuliza, wa nini?

"Wa kitambi."