Mche wa Bismarckia: mzizi umetokeza chini ya kiriba, niukate?

Swali: Nimenunua mche wa mtende wa mapambo uitwao Bismarckia kwa sababu ya majani yake ya rangi ya fedha. Una majani matano na hakuna hata moja la fedha. Ni ya kijani yenye wekundu wa zambarau. Chini ya kiriba (mfuko wa plastiki wa kuoteshea miche) umetokeza mzizi mnene. Aliyeniuzia anasema niukate kisha nipande. Nafasi yangu ni mita 2 kutoka ukuta wa nyumba. Je, nimeuziwa mche siyo? Na nipandeje?

Jibu: Usiukate huo mzizi. Hayo mengine yana muda, hili halina.

Bismarckia nobilis asili yake ni Madagaska na ni ndugu wa mvumo (mtende wa jamii ya Borassus), na huota kama mvumo unavyoota. Mbegu haitoi jani kwanza. Hutoa kitu kama kamba nene kinachoshuka ardhini, na kichipukizi huanzia huko chini, ndipo jani lipande juu. Ndiyo maana kiriba kifupi hakiufai. Mzizi uliouona ni mmoja wa ile michache inayoubeba mche mzima, na mizizi ya mtende huu ikikatwa kwa kawaida hufa hadi shinani. Mche itabidi uoteshe mingine, na mche mdogo hauna akiba ya kufanyia kazi hiyo.

Mwagilia kiriba jioni, upande kesho yake. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya kiriba, kina kikiwa kile kile, ila katikati ya sakafu yake toboa kishimo cha kupitishia huo mzizi. Kata plastiki ya chini kwa mkasi kuuzunguka mzizi, usiuvute. Ingiza mche shimoni ukiwa bado na plastiki ya ubavuni, kisha ichane kutoka juu hadi chini na uichomoe taratibu huku udongo ukijaza pembeni. Bonge la udongo lisivunjike. Udongo uishie usawa ule ule uliokuwa kwenye kiriba; ukifukia zaidi, moyo wa mche unaweza kuoza.

Kuhusu rangi, sioni dalili kwamba umetapeliwa. Miche michanga ya aina ya fedha mara nyingi huwa na wekundu huo. Ipo pia aina inayobaki ya kijani, kwa hiyo siwezi kukuapia, lakini subiri majani yaanze kufunguka kama upepeo wa kupepea moto ndipo uhukumu. Fedha yenyewe ni nta. Sugua jani lililokomaa kwa kidole gumba, utaona kijani chini yake. Kwa hiyo usinyunyizie majani dawa zenye mafuta wala maji ya sabuni, na mche uupe jua la kutwa. Kivulini rangi hufifia.

Sasa huo ukuta. Mita 2 hazitoshi. Kichwa cha mtende huu bustanini hufika upana wa mita 6 hadi 7, na kwa miaka kadhaa hakuna shina, kwa hiyo majani hayo yote hutanda kuanzia chini. Weka angalau mita 4 kutoka ukutani au njiani. Usijidanganye kwamba utauhamisha baadaye: ukihamishwa kabla shina halijaonekana, mara nyingi hufa. Mkubwa huhamishwa kwa kuanza kukata mizizi kwa awamu miezi kadhaa kabla, na kung'oa bonge zito la udongo linalohitaji mashine. Kama nafasi ndiyo hiyo tu, kuna Brahea armata ya Baja California, Mexico. Nayo ni ya fedha na kichwa chake ni kidogo zaidi, ila hukua polepole mno na haipatani na joto lenye unyevunyevu mwingi.

Mbolea isikusumbue sana, ila ile ya nyasi yenye naitrojeni nyingi iweke mbali, kwa sababu huzidisha upungufu wa potasiamu. Upungufu huo huanzia majani ya chini kabisa: madoa ya manjano au chungwa, kisha ncha kukauka. Hapo wengi hukimbilia panga. Yaache mpaka yakauke yenyewe, maana mtende unafyonza potasiamu kutoka humo kulisha majani mapya. Ukiyakata, madoa yatahamia jani linalofuata.